Kimeng'enya Kinachofungua Ghala ya Sukari Kwenye Misuli

Misuli huweka wapi akiba yake ya sukari?

Wanga tunaokula, uwe wa ugali au wa wali, humeng'enywa kuwa glukosi, na sehemu yake huhifadhiwa kama glaikojeni. Kwa mtu mzima, ini huweka takriban gramu 100 na misuli yote kwa jumla takriban gramu 400. Ini hugawia mwili mzima kupitia damu, lakini misuli haina uwezo huo, hivyo akiba yake huitumia yenyewe tu.

Nani huifungua akiba hiyo?

Ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, kiitwacho fosforilesi ya misuli. Glaikojeni ina matawi mengi, na kimeng'enya hiki hukata glukosi mojamoja kutoka kwenye ncha zake, kikisaidiwa na vitamini B6. Neva inapoamuru msuli ukaze, kalsiamu inayomwagika ndani ya seli hukiamsha papo hapo. Carl na Gerty Cori, waliochunguza kazi hii, walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Mwanangu ana miaka 19 na hubeba mizigo Kariakoo. Akinyanyua gunia, misuli hukaza na kuuma, lakini akitembea polepole kwa muda hupata nguvu. Wenzake humwita mvivu. Ana nini?

Pole sana, mama. Maumivu ya misuli yana sababu nyingi, na siwezi kuthibitisha ugonjwa bila vipimo. Hata hivyo, hayo ya kuumia dakika za mwanzo na kupata nafuu baada ya dakika kama kumi ndiyo dalili inayotambulisha ugonjwa wa McArdle, ambao ni adimu na daktari wa Uingereza, Brian McArdle, aliueleza mwaka 1951. Mgonjwa hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni yenye kasoro, kimeng'enya hicho kinakosekana, na glaikojeni inabaki imefungiwa huku msuli ukikosa nishati, mpaka glukosi ya damu na mafuta yafike kuokoa hali. Huo si uvivu hata kidogo, na inauma kuona kijana akidhihakiwa kwa jambo ambalo hakulichagua. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari mpangilio huo wa maumivu neno kwa neno, kwa kuwa ndio utakaomwongoza kuagiza kipimo cha kreatini kinesi, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia, katika damu na, ikibidi, uchunguzi wa jeni.

Mkojo wake ukibadilika rangi?

Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi baada ya kazi nzito, mwahishe hospitali siku hiyohiyo. Hapa Dar es Salaam ni rahisi kuushuku kuwa malaria au kichocho, na hayo nayo yapimwe, lakini misuli iliyovunjika humwaga mayoglobini, protini inayoweza kuziharibu figo ghafla.

Kuna tiba?

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Husaidia kuanza kazi taratibu kwa dakika kumi, kuepuka kunyanyua vizito ghafla, na kwa ushauri wa daktari, kunywa kinywaji chenye sukari dakika chache kabla ya zoezi. Kazi ya magunia haimfai mtu mwenye ugonjwa huu.