Kwa nini mbao zilizoungwa kwa gundi huachia

Mfupa uliovunjika huunga, mboga huungwa kwa nazi, ndugu waliogombana huunga udugu upya, na seremala huunga mbao. Mfupa hufungwa plasta ili usichezechezwe. Mbao vilevile zinataka zigusane sawasawa, kisha zitulie.

Gundi nyeupe ya mbao hukauka maji yake yanaponywewa na mbao. Ukiipaka nene ili izibe mwanya, katikati hubaki dhaifu, na kiungo huachia hapohapo. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya randa, chombo cha kusawazishia mbao. Piga randa kingo zote mbili, zikutanishe bila gundi, kisha ziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya popote, rudia. Futa vumbi la msasa lote, na upake gundi siku hiyohiyo. Mti wa msaji (mtiki) una mafuta yake, hivyo ufute kwanza kwa kitambaa chenye asetoni, kimiminika kinachoondoa mafuta, usubiri ukauke, upake bila kuchelewa.

Paka utando mwembamba usioacha sehemu kavu, kisha bana kwa klampu. Vitone vidogo vikitokeza mfululizo kwenye mstari wa kiungo, gundi imetosha. Usikaze hadi yote ikamuliwe nje. Iache kwenye klampu saa 1, na usiipe mzigo kabla ya saa 24. Mbao mbichi usiiguse kabisa: itasinyaa baadaye na kukipasua kiungo.

Ncha ya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa gundi yote na kuacha kiungo kikavu. Ndiyo maana kiti kizuri huchongwa ulimi unaoingia tunduni.

Gundi ya fundi viatu ina utaratibu mwingine: hupakwa pande zote mbili, ikaachwa dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo vikutanishwe na kugongwa nyundo. Vikishagusana havisogezwi tena.

Kabla ya kuunga meza nzima, unga vipande viwili vya mabaki, na kesho yake vivunje. Mbao ikichanika pembeni ya kiungo, umeunga vizuri. Kiungo kikifunguka safi, gundi ikang'aa kama kioo, rudi kwenye randa.