Kromu ya kiti ni nini hasa?

Katika nyumba za zamani za Lubumbashi, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi na katika saluni za kunyolea, bado utakuta viti vya mabomba yanayong'aa na vikalio vya skai, yaani ngozi bandia ya plastiki. Tunaviita viti vya kromu, kana kwamba bomba zima ni kromu. Bomba ni chuma cha kawaida. Kiwandani lilivikwa nikeli kwa umeme, mara nyingine shaba ikitangulia chini yake, kisha kromu ikamalizia. Nikeli huwa na unene wa mikroni 10 hadi 30 hivi. Kromu mara nyingi haifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mng'ao wenyewe hutokana na nikeli. Kromu huilinda isififie ikawa na umanjano, na huipa ule weupe wa kibuluu.

Basi kukarabati kromu nyumbani ni kufichua iliyobaki. Kuongeza huwezi.

Kromu yenyewe haishiki kutu, ila ina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yakipenya hadi kwenye chuma, kutu huota chini na kuchomoza juu kama vidoa vya kahawia. Chukua karatasi ya alumini, ikunje, ichovye majini, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, na ule uji mweusi unaojitokeza husaidia kung'arisha. Msasa usiuguse kabisa. Kidoa kikitoka, pitisha ukucha: pakiwa laini, umepona, ukihisi kishimo au magamba yanayoinuka, kromu ya hapo imekwisha. Kausha vizuri, paka nta ya gari.

Vua pia vifuniko vya raba kwenye miguu ya kiti. Maji ya kuoshea sakafu hutuama humo, na mara nyingi kutu mbaya kuliko zote iko hapo.

Palipobanduka panahitaji kuvikwa upya kiwandani. Njia ya kawaida hutumia kromu ya aina inayosababisha saratani, kwa hiyo usikubali mtu akufanyie uani kwako. Rangi ya fedha itakinga chuma, lakini haitang'aa vile.

Skai nayo ina siri yake. Ni plastiki ngumu iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole kwa jua na miaka. Ikishakakamaa na kupasuka, hakuna cha kupaka kitakachoirudisha. Iliyo nzima isafishe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Petroli na tina ya kuzimulia rangi huiharakishia kifo. Ukibadilisha, ile kuukuu ibandue bila kuichana, ndiyo kipimo chako. Anika mpya juani ilegee, kisha ivute ukianza kuibana katikati ya kila upande. Pembe ziwe za mwisho, la sivyo mikunjo itajikusanya mbele, pale mapaja yanapokaa.