Je, wajua? Ruta huwapa wengine kipaumbele na kusahau pakiti zake

Kuna ofisi mbili niliwahi kuitwa kuziangalia, zimeunganishwa kwa redio za juu ya paa. Kila saa nne usiku bekapu zikianza kupakiwa, mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika tena mpaka alfajiri. Taa za redio hazikutoka kwenye kijani. Fundi aliyenitangulia aliapa kwamba ubora wa huduma, ile QoS, ameshaupanga: pakiti (vipande vya data) za muhimu zina alama, foleni zipo, kila kitu kipo. Na kweli vilikuwepo. Ila logi ya ruta, yaani kumbukumbu ya matukio ya kile kifaa kinachoelekeza pakiti, ilirudia jambo moja tu usiku kucha: jirani wa OSPF amepotea.

OSPF ni itifaki ambayo ruta huitumia kuambizana njia. Kwa kawaida ya mitandao ya Etheneti, kila baada ya sekunde 10 ruta humtumia jirani yake salamu fupi iitwayo “hello”. Sekunde 40 zikipita bila salamu, jirani anahesabiwa amekufa, na njia zote zinazopita kwake zinafutwa. Maana yake salamu nne zikipotea mfululizo ofisi nzima imezimika, hata kama redio haina hitilafu yoyote. Usiku ule salamu zilikuwa zinabanwa kwenye foleni moja na bekapu, zikitupwa pamoja nayo.

Sasa swali: ruta iliyopangwa kuzipa pakiti za watu kipaumbele, inawezaje kuacha salamu zake yenyewe zife?

Alama tunazozungumzia zinakaa kwenye kichwa cha pakiti ya IP, ndani ya baiti moja. Mwaka 1981, IP ilipoandikwa rasmi, biti tatu za baiti hiyo zilitengwa kwa ngazi nane za uharaka, kuanzia 0 ya kawaida hadi 7, na ngazi ya 6 ikaachiwa mawasiliano ya ruta zenyewe. Mwaka 1998 mpangilio ukabadilishwa: biti sita, alama 64, jina DSCP. Wanaoshughulika na simu za intaneti wanaijua 46, ya sauti. Ngazi ya 6 ya zamani ikawa 48, na bado ni ya ruta kusemezana. Pakiti isiyo na alama ina 0, nayo inasubiri zamu kama watu wengine.

Mara nyingi fundi huweka alama pale pakiti inapoingia. Ni kama mlinzi wa geti anayegawa beji: huyu mgeni wa mkurugenzi, yule kaleta mzigo. Lakini aliyelala ndani ya jengo akitoka asubuhi hajapita getini, kwa hiyo hana beji. Pakiti inayozaliwa ndani ya ruta ni huyo. Haikuingia kupitia kiolesura (mlango wa mtandao) chochote, kwa hiyo kanuni zote za maingilio haziioni. Kwenye Linux, na kwenye MikroTik inayofuata mpangilio uleule, pakiti ya mpita njia hupitia mnyororo wa kanuni uitwao “prerouting” kisha “forward”. Pakiti ya ruta yenyewe huanzia “output”. Ukiandika kanuni zako zote kwenye prerouting, ruta imebaki nje ya sheria zako. Kwenye Cisco kuna amri ya pekee kwa ajili ya hao wa ndani, `ip local policy route-map`, na nimekutana na watu wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kuiandika.

Kwa bahati nzuri itifaki za njia hujisaidia. Kanuni ya OSPF ya mwaka 1998 inaitaka ipeleke pakiti zake kwa ngazi ya 6, bila kungoja mtu aipange. BGP, itifaki nyingine ya njia, kwenye ruta za Cisco hufanya vivyo hivyo. Wanaosahaulika ni watumishi wadogo: logi zinazopelekwa kwenye seva, majibu ya SNMP, itifaki ya kuulizia hali ya vifaa. Hao wengi wao hutoka na 0, kisha siku mtandao umeelemewa, siku ambayo ndiyo unazihitaji logi, hazifiki. Kwa logi, dawa yake kwenye Linux ni mstari mmoja:

`iptables -t mangle -A OUTPUT -p udp --dport 514 -j DSCP --set-dscp-class CS2`

CS2 ni alama 16, iliyopendekezwa kwa kazi za usimamizi. Usiwape 48. Kila kitu kikiwa cha haraka, hakuna cha haraka.

Lakini kama OSPF hujiwekea alama, kwa nini ile ya kwetu ilikufa? Hapo ndipo nilipokesha. Ofisi zile zilikuwa zinazungumza kupitia handaki la WireGuard, programu ya VPN. Nikafungua tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinazopita, upande wa ndani, kwenye `wg0`, kiolesura cha handaki: salamu hizo hapo, `tos 0xc0`, yaani ile 48 ikiandikwa kama baiti nzima ya alama. Nikahamia kiolesura cha redio: `tos 0x0`. Handaki linaifungia pakiti ndani ya pakiti mpya, na pakiti hiyo ya nje imezaliwa ndani ya ruta. GRE, aina nyingine ya handaki, kwenye ruta za Cisco kwa kawaida hunakili alama ya ndani na kuibandika nje. WireGuard hainakili, data yote hutoka na 0, iwe salamu, iwe sauti, iwe bekapu. Zinazotoka na alama ni pakiti zake za kupeana mikono tu, zile za kuanzisha mazungumzo, `0x88`. Foleni ya fundi ilikuwa kwenye redio, ikipanga bahasha zinazofanana zote.

Ungeweza kusema basi tuzibandike 48 bahasha zote kwenye output. Nilijaribiwa. Lakini bekapu nayo imo kwenye bahasha hizohizo, kwa hiyo ungekuwa umeipa bekapu king’ora. Tulichofanya ni kuihamisha foleni kutoka kwenye redio na kuiweka kwenye `wg0`, kabla ya kufunga bahasha, ambako alama za ndani bado zinasomeka, kisha tukaibana kwenye megabiti 18 kwa sekunde wakati redio ilikuwa na uwezo wa 20. Msongamano ukawa unatokea mahali tunapoweza kuchagua nani atangulie. Saa nne ikafika, bekapu zikaanza, nikakaa na tcpdump yangu: kila sekunde kumi, `0xc0`, `0xc0`, `0xc0`.