Mkazo wa Kiswahili mwishoni mwa mstari wa kwaya

Watunzi wengi wa kwaya huku Mtwara, Masasi na Ndanda tunajifunzia sauti nne kwenye nyimbo za Uingereza na Ujerumani. Mwendo wa sauti humo ni mzuri. Kinachotuponza ni miisho ya mistari. Chukua tuni ya "Old Hundredth" ya Waingereza, iliyotoka Geneva, 1551: kila mstari una silabi 8, na pigo zito linaangukia ile ya nane. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka "Mwokozi" pale, kwaya itaimba "mwokoZI", na mwalimu atagombeza bure, kwa sababu kosa liko kwenye karatasi.

Afadhali tuwaige Waitaliano. "Stabat mater dolorosa", maneno ya Kilatini ambayo Mtaliano Pergolesi aliyatungia muziki mwaka 1736, ni mizani 8 na mkazo uko kwenye "ro". Hicho ni kipande cha shairi letu kabisa!

Tutunge mwisho wa "utukufu". Do ni D, mapigo manne kwa kila kipimo (bar). "U" na "tu" zikae pigo la tatu na la nne, "ku" pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, "fu" la tatu.

Soprano: do ti do do
Alto: fa fa fa mi
Teno: la so so so
Besi: fa so do do

Kazi yote iko kwa alto. Fa yake kwenye "ku" inakwaruzana na so ya teno, halafu inashuka mi kwenye "fu". Mkwaruzo unabeba mkazo, "fu" inatulia yenyewe bila kusukumwa. Mjerumani Bach alifunga utunzi wake wa kwaya na okestra, Mateso ya Mathayo (1727), kwa mbinu ya jamaa hiyo: filimbi zinang'ang'ania noti iliyo nusu toni chini ya noti kuu, ndipo zinapanda.

Alto watakimbilia mi mapema. Wamefundishwa peke yao, hawajawahi kuisikia so, basi mkwaruzo wanaudhania kosa. Wafundishe pamoja na teno, noti hizo nne tu, polepole, kabla ya kuita soprano.

Halafu kuna "mtu" na "nchi". Hapo mkazo uko kwenye m na n zenyewe, kwa hiyo kila moja inadai noti yake, tena kwenye pigo zito. Ukiipa "mtu" noti moja, nusu ya kwaya itaimba "mutu". Hiyo m usiipandishe juu sana kwa soprano, maana midomo imefumbwa na sauti haitoki. "Mbingu" haina shida hiyo: silabi mbili, noti mbili.