Aiskrimu ya embe kwa kasimile, bila tone la maziwa

Katika aiskrimu hii kazi iko kwenye tui. Embe hata likisagwa ovyo litalika, lakini tui ukilikosea utawaandalia wageni barafu inayokwaruza ulimi, au chengachenga za mafuta zinazonata kinywani. Kwa hiyo naanza na nazi.

Tafuta nazi 3 kubwa zilizokomaa. Zikune bila kufikia ngozi ya kahawia, kwa sababu ile huchafua rangi. Mimina maji mililita 300, ya moto kiasi ambacho mkono unastahimili, acha dakika 10, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hiyo ndiyo kasimile, nawe unataka nusu lita. Isipotimia, kuna nazi ya nne. Tui la pili lipeleke kwenye wali. Limejaa maji, na maji ndiyo yanayogeuka vipande vya barafu.

Tui la kopo linafaa pia likiwa zito: soma lebo, mafuta yasipungue gramu 17 kwa kila mililita 100. La unga nakuomba uliogope iwapo mgeni wako ana mzio wa maziwa. Aina nyingi za tui la unga hutiwa kazeinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa yenyewe. Kwa mtu ambaye tumbo lake tu ndilo halipatani na maziwa huenda lisimsumbue, ila kwa mwenye mzio ni hatari. Blenda na mwiko vioshwe vizuri kabla ya kuanza.

Embe nalopenda ni dodo au bolibo, lililoiva hadi likanukia kabla ya kukatwa. Unahitaji nyama gramu 500, sawa na maembe mawili makubwa. Saga, kisha pitisha kwenye chujio la waya, maana uzi mmoja tu wa embe huonekana mkubwa ndani ya kitu laini. Tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu.

Sasa weka kando vijiko vikubwa vinne vya tui baridi, uvunjie humo konflawa kijiko kikubwa kimoja na nusu. Tui lililobaki libandike moto wa wastani pamoja na sukari gramu 150, asali vijiko vikubwa 2, chumvi robo kijiko cha chai na iliki punje 4 zilizotwangwa. Koroga bila kuacha. Tui likichemka kwa fujo hukatika, mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini. Pembeni mwa sufuria pakianza kutetemeka, mimina konflawa, endelea kukoroga kama dakika 3. Chora mstari kwa kijiko kidogo mgongoni mwa mwiko: ukibaki wazi bila kuziba, epua.

Changanya na embe kwenye blenda hali tui bado lina uvuguvugu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui lililotoka kwenye friji likipigwa na visu vya blenda hutoa punje kama siagi. Ikikutokea usimwage. Rudisha kwenye moto mdogo mpaka punje ziyeyuke, kisha saga upya.

Onja. Utamu uzidi kidogo, kwa kuwa baridi huufifisha. Na usipunguze sukari kwa kuhurumia wageni: ndiyo inayozuia sehemu ya maji isigande. Chini ya gramu 100 utachota kwa kisu.

Mchanganyiko ulale kwenye friji usiku mzima, au saa 4 kwa uchache. Ukiingia kwenye friza ungali vuguvugu utaganda polepole, na kuganda polepole ndiko kunakozaa vipande vikubwa vya barafu. Kisha umimine kwenye trei ya bati, kina kisizidi sentimita 4. Kila baada ya dakika 45 itoe, kwangua kingo zilizoshika, zipigepige kwa uma mpaka zilainike, rudisha. Fanya hivyo mara 4, halafu funika kwa nailoni iguse uso wa aiskrimu.

Friza ndogo ya juu ya friji mara nyingi haifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, na umeme nao una siku zake. Hapo barafu na chumvi hufanya kazi nzuri ajabu. Kwa kila kilo 3 za barafu iliyopondwa tia kilo 1 ya chumvi ya mawe kwenye ndoo, zamisha katikati sufuria nyembamba yenye mchanganyiko, uzungushe na kukwangua kwa mwiko kwa nusu saa. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka hunyonya joto la sufuria. Mdomo wa sufuria ubaki juu kabisa ya maji yale. Tone moja la chumvi linaharibu yote.

Kiasi hiki kinatosha watu 10. Hamisha kutoka friza kwenda friji dakika 20 kabla ya kupakua, na bakuli, au vifuu vilivyosuguliwa vikang'aa, viwe vimelala kwenye friza pia. Iliyoyeyuka kabisa usiigandishe tena.

Ukitaka kubadilisha tunda, nanasi lichemshe kwanza mpaka maji yapungue kwa theluthi. Pasheni ni kali, tumia gramu 250 za maji yake na uongeze sukari gramu 50. Stafeli ndilo linalokaribia embe kwa ulaini, ila toa mbegu zote kwa mkono kabla ya blenda, kwani zina sumu.