Je, wajua kwa nini si kila duara mguuni ni fangasi?

Duara jekundu limetokea juu ya mguu, karibu na kifundo. Kila anayeliona anasema ni choa. Umepaka dawa ya fangasi wiki nne, duara liko pale pale, tena limetanuka kidogo. Dawa feki? Huenda dawa haina kosa, ila ugonjwa siwo.

Daktari wa ngozi hupitisha kidole ukingoni mwa duara. Choa hukwaruza, maana fangasi hula keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo hubanduka magamba. Ukingo ukiwa laini, lakini ndani yake kuna vipele vigumu vilivyopangana kama shanga, atafikiria granuloma anulare. Ugonjwa huo hauambukizi: ni seli za kinga za mwili wenyewe zilizojikusanya ndani ya ngozi. Mara nyingi hauwashi, na hupenda migongo ya mikono na miguu. Jina hilo umekuwa nalo tangu 1902.

Atagusa pia katikati ya duara kwa pamba huku umefumba macho. Usipohisi kitu, ukoma nao unaingia kwenye hesabu.

Magamba yakiwapo, huyakwangua kidogo, huyaweka kwenye kioo na kuyadondoshea potasiamu haidroksaidi. Dawa hiyo hulainisha na kuyeyusha seli za ngozi, lakini kuta za fangasi zina dutu ngumu iitwayo kitini (chitin), hivyo nyuzi zake hubaki zikionekana kwenye hadubini.

Kinachovuruga kazi yote hii ni ile krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, tunayopeana majumbani. Ikipakwa juu ya choa, wekundu na magamba hupungua, mgonjwa hufurahi, kumbe fangasi anaendelea kustawi chini kwa chini. Choa kilichofichwa hivyo hufanana na karibu ugonjwa wowote. Ukienda kwa daktari, mtajie kila ulichopaka, hata kama unaona aibu.

Shaka ikibaki, unachomwa sindano ya ganzi na kukatwa kipande cha ngozi, mara nyingi cha milimita 4 hivi. Kwenye granuloma anulare, maabara huona kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) iliyoharibika, imezungukwa na seli za kinga zilizosimama kama uzio wa miti. Majibu yakitoka hivyo, usishangae ukirudishwa nyumbani bila dawa: granuloma nyingi za aina hii hufifia zenyewe, japo huweza kuchukua miaka 2 au zaidi.