Kinachokufa ni waya: dhana potofu kuhusu iafoni na ukweli wake

Iafoni (spika ndogo za kuvaa masikioni) nyingi zinazofika kwenye meza za mafundi zikiitwa mbovu zina spika nzima kabisa ndani yake. Waya ndio uliokatika, au uchafu umeziba njia ya sauti, au tatizo liko kwenye simu yenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu dhana karibu zote nitakazozitaja zina mzizi huo mmoja: mtu anachagua iafoni kwa jina na ukubwa wa besi, wakati maisha ya iafoni yanaamuliwa na waya, pini, vipira vinavyoingia sikioni na kama inaweza kufunguliwa. Hapa Dodoma, penye upepo na vumbi tangu mvua zikatike hadi zirudi Desemba, iafoni iliyochaguliwa vibaya haichelewi kuumbuka.

"Upande mmoja hausikiki, basi spika imeungua"

Spika ya iafoni ya kawaida ni kitu rahisi: utando mwembamba ulioshikana na koili ndogo, na koili imekaa karibu na sumaku. Umeme wa muziki ukipita, utando unatikisika na kusukuma hewa. Simu haina nguvu ya kuunguza koili hiyo kirahisi. Koili inaweza kukatika, ni kweli, hasa maji yakiingia, lakini kabla ya kuihukumu kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza ichomeke kwenye simu nyingine. Ikiimba pande zote mbili, mgonjwa ni tundu la simu yako. Tundu lile la milimita 3.5 linashinda mfukoni likikusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila ukichomeka unaushindilia uchafu ndani mpaka pini haifiki tena mwisho. Zima simu, utoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Pili, chezesha waya karibu na pini huku muziki unalia. Sauti ikienda na kurudi, nyuzi zimekatika hapo. Tatu, rudia hivyo hivyo pale waya unapogawanyika kwenda kulia na kushoto, na pale unapoingia kwenye kila kichwa, yaani kipande kinachokaa sikioni. Nne, vua kipira, angalia kijiwavu chini ya mwanga.

Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Nta ya sikio ikichanganyika na vumbi hutengeneza kizibo. Tofauti yake na waya mbovu ni mwendo: waya hukata ghafla au hukwaruza, nta hufifisha sauti wiki baada ya wiki. Safisha kwa mswaki laini na mkavu, kichwa kikielekezwa chini ili kinachotoka kidondoke. Tafadhali usichokonoe kwa sindano. Nyuma ya wavu kuna utando mwembamba kuliko karatasi, na ukishatoboka hakuna fundi wa kuurudisha.

"Waya ukikatika, iafoni ni ya kutupa"

Hapa ndipo ningependa nisikilizwe zaidi. Hata iafoni ambayo waya wake umeshikana moja kwa moja na kichwa inatengenezeka, ila kwa taabu. Nyuzi za ndani ni nyembamba sana na zimepakwa vanishi ili zisigusane. Risasi ya kuchomelea haishiki juu ya vanishi, kwa hiyo lazima vanishi hiyo ichomwe au ikwanguliwe kwanza. Fundi mwenye haraka huzisokota nyuzi pamoja na kuzifunga utepe. Inaimba leo, kesho imenyamaza.

Kisha kuna mpangilio wa pini. Iafoni yenye maiki ina sehemu nne za kugusana: kushoto, kulia, ardhi (njia ya umeme kurudi) na maiki. Mipangilio iko miwili, CTIA na OMTP, na tofauti yake ni kwamba ardhi na maiki zimebadilishana nafasi. Simu nyingi za sasa ni CTIA. Ukichomeka iafoni ya mpangilio mwingine, au fundi akikosea hapo, sauti ya mwimbaji hupotea na vyombo hubaki vikisikika kwa mbali. Ukisikia hivyo, spika haina kosa lolote.

Na hata kazi ikifanyika vizuri, sehemu iliyochomelewa inakuwa ngumu, hivyo waya unaanza kukunjika pembeni yake na kukatika tena jirani na pale pale. Watu humlaumu fundi, nami naona mara nyingi wanamwonea. Iafoni ile ilitengenezwa bila kufikiria siku ya kukatika.

Kwa hiyo ukinunua, tafuta iafoni ambayo waya unachomoka kichwani. Viungio vya kawaida ni viwili. Kimoja ni cha pini mbili nyembamba, mara nyingi za milimita 0.78, kingine ni MMCX, cha duara, kinachoweza kuzunguka. Vyote vinafaa. Cha pini mbili kinapinda ukikiingiza kwa pembe, MMCX inalegea ukiichomoa mara kwa mara bila sababu. Cha muhimu ni kuwa waya wa badala unauzwa peke yake, na kuubadilisha hakuhitaji fundi wala risasi. Iafoni ya Shure SE215 inatumia MMCX. Kampuni ya KZ ina aina nyingi za bei ya kawaida zenye pini mbili. Kuwa makini na matoleo: Moondrop Chu ya kwanza waya wake hautoki, Chu II unatoka. Majina yanafanana, maisha hayafanani. Ukiikosa Machinga Complex au kwenye maduka ya simu mjini, mwagize mtu Kariakoo, na akununulie pamoja na waya wa akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya mwaka unaweza usikute aina yako ya kiungio.

Waya mnene au wa kitambaa hauna kinga ya pekee. Angalia kama kuna mpira laini unaopinda pale waya unapotoka kwenye pini. Na acha kuuzungushia kwenye simu: mkunjo ule mkali, sehemu ile ile kila siku, ndio unaozikata nyuzi.

"Ya bei kubwa na yenye jina ndiyo inayodumu"

Za Bluetooth zisizo na waya kabisa ndizo mfano mzuri. Kila upande una betri ndogo ya lithiamu, na betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa kila mzunguko wa chaji, uitumie kwa upole au kwa fujo. Betri ikichoka, kazi yote imekwisha kama kichwa kimebandikwa kwa gundi. iFixit, kampuni ya Marekani inayofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, ilizipa AirPods za Apple za vizazi kadhaa alama 0 kati ya 10. Hizo ni iafoni ghali, zina sauti nzuri, na hazikutengenezwa ili zifunguliwe.

Inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2024 kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairbuds, ambazo mtumiaji mwenyewe anabadilisha betri, na iFixit hao hao wakazipa 10 kati ya 10. Umoja wa Ulaya nao una kanuni, namba 2023/1542, inayotaka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji, isipokuwa vifaa vichache vilivyotajwa. Natamani mno bidhaa za namna hiyo zifike hadi kwenye maduka yetu. Mpaka zifike, kwa anayetaka kusikiliza muziki kila siku kwa miaka, mimi nasema waya unaochomoka.

Lakini za machinga nazo zisisifiwe kupita kiasi. Ya shilingi 5,000 inayokufa kila miezi miwili ni shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka mkononi huna kitu. Nyingine zina nembo za kughushi za kampuni kubwa, hivyo jina kwenye boksi halithibitishi chochote. Omba risiti ya EFD, uliza waranti ni ya muda gani, na uijaribu pale pale dukani kabla hujatoa hela.

"Ina IPX7, vumbi halitaiweza"

Alama hiyo ya boksini, inayoeleza kifaa kinavyostahimili vumbi na maji, inatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Herufi X mahali pa tarakimu ya kwanza maana yake hakuna kiwango cha vumbi kilichotajwa. IPX7 inaahidi kuvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, basi; juu ya vumbi la Chang'ombe mwezi wa nane haisemi neno. Ukitaka ahadi ya vumbi, tafuta IP54 au IP55, na 6 ikikaa mwanzoni ni bora zaidi.

Iafoni nyingi za waya hazina alama yoyote ya aina hiyo, na zina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Mchanga una chembe za chuma, na ndani kuna sumaku. Kuihifadhi kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko kunamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

"Haina besi, kwa hiyo ni feki"

Mara nyingi kipira ndicho kisichokaa. Besi inahitaji sikio lizibwe vizuri. Mwanya mdogo tu, besi yote inavuja. Boksi huja na vipira vya saizi tatu na watu wengi hubaki na kile kilichokutwa kimevaliwa, tena masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti. Jaribu vyote kabla ya kulalamika. Vya sponji huziba vizuri lakini huchakaa mapema. Vya silikoni unaviosha kwa sabuni, ukivivua kwanza.

Usiipime iafoni kwa singeli peke yake, kwani ngoma nzito hufunika kasoro. Weka muziki wa Kigogo wa ilimba (ala ya fito za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba) na zeze: kama unasikia ule mvumo unaoandamana na kila ufito wa ilimba, na sauti za waimbaji hazichanganyikani, hiyo imepita.

Mengine kwa haraka

Pini ya rangi ya dhahabu haiongezi utamu wa sauti. Dhahabu halisi inazuia kutu, na hiyo ni faida tosha. Spika nne kila upande hazishindi moja iliyopangwa vizuri. Maandishi ya hadi hezi 40,000 (kipimo cha wembamba wa sauti) hayakusaidii, maana sikio la binadamu kijana linafikia kama 20,000. Na simu kukosa tundu hakuzuii iafoni ya waya: nunua adapta ya USB-C yenye chipu yake ya kugeuza sauti, kwa kuwa zile zisizo na chipu hukubali simu baadhi tu.

"Sauti ya juu inaharibu spika, masikio yanazoea"

Hayazoei, yanapoteza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Kwa watoto kikomo ni desibeli 75. Kwenye daladala ya kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwenda mjini, mtu hupandisha sauti ili ashinde injini na kelele za abiria. Kipira kinachoziba vizuri kinapunguza kelele hizo kabla hujagusa kitufe, nawe unaweza kusikiliza chini zaidi. Ukishuka kituoni toa upande mmoja kabla ya kuvuka barabara, na ukiendesha bodaboda toa zote mbili.